Mataruma Ishirini na Sita

Babu,

Ni ishirini na sita. Nimekwenda kuhesabu tena kama ulivyoniambia. Ulisema kweli, mimi ndiye niliyekosea. Nilitaka uyajue haya kabla ya mengine yote.

Tulikuzika Iyolwa, Jumamosi, ubavuni mwa Bibi. Watu walikuwa wengi. Walikuja hata wazee wa genge lako la reli, wale uliokuwa nyapara wao, na mmoja wao alivaa koti lake la zamani la kazi ingawa jua lilikuwa kali. Mama alifunga kibanda chake cha mitumba Busia siku nne nzima. Mimi sikulia makaburini. Watu walidhani mimi ni jasiri. Ukweli ni kwamba kichwani mwangu kulikuwa na sentensi moja tu, ile niliyokuambia Jumapili, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitaisema tena mbele za watu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kukumbuka tulivyoanza, ili nisikumbuke tu tulivyomaliza.

Tulianza na sanduku. Yule mgeni aliyekuja Tororo kupiga picha za treni, ukamtembeza siku tatu, alikutumia kutoka kwao treni ndogo ya kuchezea, reli zake, na nyumba nne za plastiki za kuunganisha kwa gundi. Ndani mlikuwa na katalogi yenye picha za nyumba nyingine wanazouza. Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa kitandani kwako tukifunua kurasa moja moja. Kulikuwa na kanisa lenye mnara uliochongoka, kinu cha upepo, ngome ya mfalme, na nyumba zenye theluji juu ya paa. Ulitazama stesheni zao zote, ukarudi mwanzo ukatazama tena, kisha ukaniuliza, "Choo iko wapi? Watu ya huko naingia treni, nasafiri, hakuna mtu nakwenda choo?"

Nilicheka mpaka Mama, aliyekuwa amenileta siku hiyo, akaja kuona kuna nini. Wewe hukucheka. Ulisema niandike. Nikachukua daftari, nikaandika juu ya ukurasa "Nyumba Ambazo Hawatengenezi", na chini yake nikaandika choo cha stesheni.

Daftari hilo ninalo hapa. Limejaa kurasa kumi na tatu. Kuna tangi la maji lililosimama juu ya nguzo za chuma, kuna ghala la pamba lenye mlango wa kusukuma, kuna kibanda cha mlinzi wa lango pale barabara inapokata reli. Kuna ofisi za Malaba zilizotengenezwa kwa makontena, zile ambazo madereva wa malori hulala chini ya kivuli chake wakisubiri karatasi. Kuna banda la mama wa chai, na wewe ulisisitiza niandike kwamba liwe na moshi. Tulisema kwamba siku moja tutawatumia wale watengenezaji orodha yetu, kwa sababu labda hawakatai, labda hakuna mtu aliyewahi kuwaambia.

Tukaanza kutengeneza wenyewe huku tukiwasubiri. Mama alituletea maboksi ya biskuti na ya viatu kutoka Busia. Karatasi ile ya ndani yenye mikunjo ikawa mabati. Vipimo ulinifundisha wewe, na mwalimu wangu wa hisabati mpaka leo haamini kwamba njia ile inafaa. Hatukutumia rula. Nyumba yoyote iliyo kando ya reli nilitembea mbele yake nikihesabu mataruma, ile miti na vyuma vinavyolala chini ya reli. Kisha tulihesabu mataruma yaleyale kwenye reli yetu ndogo mezani, na nyumba ikakatwa urefu huo. "Taruma hapana danganya," ulikuwa ukisema.

Nilikuwa nikija kwako Tororo kila Jumamosi kutoka Busia, na kila Jumapili jioni nikirudi kwa Mama kwa ajili ya shule. Sikuondoka bila ruhusa. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, wewe ukatafuta kile kitambaa cha kijani chini ya mto, ukakiinua kama bendera ya kuruhusu treni. Hapo ndipo nilipoondoka. Siku nyingine ulikichelewesha makusudi, ukasema, "Stesheni masta, ngoja kwanza. Kuna ng'ombe kwa laini."

Halafu kifua kikakulaza. Meza yetu ikasogezwa hadi miguuni mwa kitanda chako ili uione. Uliniambia imebaki nyumba moja tu unayoitaka: landi yenu. Safu ile ya vyumba vya wafanyakazi, nyuma ya stesheni, ambako uliishi na Bibi katika chumba cha tatu mkazaa watoto watano. Nilihesabu, nikakata, nikapaka rangi. Nilichora hata ufa ulio chini ya dirisha. Nilikuletea Jumapili ile baada ya kanisa, nikaiweka kwenye kiganja chako.

Uliigeuza polepole. Nilingoja unisifu. Ukasema, "Hii nyumba kidogo. Bibi yako naingia namna gani hapa? Enda hesabu tena."

Babu, nilikuwa nimeifanya wiki tatu. Nilikuambia nimehesabu mara mbili na ni mataruma ishirini na moja. Ukatikisa kichwa. Ndipo nikasema, "Mimi nimehesabu vizuri. Wewe ndiye umesahau."

Uliiweka nyumba juu ya blanketi. Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Sikusimama mlangoni. Sikungoja kitambaa. Njiani nilijiambia nitahesabu Jumamosi ijayo, kisha nitakuonyesha kwamba ni ishirini na moja.

Ulifariki Jumatano. Baba mdogo Ochwo ndiye aliyempigia Mama simu. Baadaye shangazi Nyafwono, aliyekuwa akikuuguza, aliniambia kwamba ile Jumapili ulikaa na kitambaa mkononi mpaka uji ukapoa. Aliniambia kwa wema. Hakujua anachoniambia.

Juzi Jumamosi, wiki moja baada ya mazishi, nilikwenda reli. Sitakuficha, nilikwenda nikitaka iwe ishirini na moja. Nilitembea mbele ya landi nikahesabu, na ikawa ishirini na moja. Nilifurahi kidogo, kisha nikakaa chini palepale juu ya kokoto nikalia, kwa sababu kama mimi nilikuwa sahihi basi ulikuwa umeanza kuisahau nyumba yako na hukuwa na mtu wa kukushika mkono. Hapo ndipo Mzee Okoth wa genge lako aliponikuta. Aliniuliza kama nimepoteza hela. Nilimweleza. Alitazama reli iliyokuwa mbele yangu, akaanza kucheka mpaka akashika goti.

"Wewe mjukuu wa nyapara," akasema, "nahesabu saidingi?"

Sikuelewa. Akanionyesha kwa fimbo yake. Ile reli inayopita mbele ya landi si njia kuu. Ni njia ya kando, ya kuwekea mabehewa. Treni hupita hapo polepole, kwa hiyo mataruma yake hutandikwa kwa nafasi kubwa. Kwenye njia kuu, ambako treni hupita na uzito wake wote, hutandikwa karibu karibu, na reli yetu ya mezani ni kama njia kuu. Mzee Okoth akanivusha hadi njia kuu. Akasimama sambamba na kona moja ya landi yako, mimi nikaenda mpaka sambamba na kona nyingine nikihesabu kwa sauti. Ishirini na sita.

"Hiyo nyumba," akasema, "babu yako angeipima akiwa amefumba macho."

Kumbe hukuwa umesahau kitu. Ulikuwa na kifua kile, huwezi hata kuinuka, na bado ulijua kwa kiganja cha mkono kwamba nyumba yako imepunjwa mataruma matano.

Nimeijenga upya. Nilipaswa kufanya haraka, kwa sababu shangazi atahamia chumbani mwako na Baba mdogo alisema meza itoke ifikapo jana. Alipokuja kuitoa nilikuwa bado nakausha gundi. Alisimama akitazama, na nilidhani atanigombeza. Akainama, akaweka kidole chini ya dirisha. "Mimi nilikuwa nalala hapa," akasema. "Mbona hujaweka jiko la mama nje?" Kisha akaita watu wawili, na meza haikwenda stoo. Iko sebuleni, karibu na redio yako. Jiko nimeliweka, nimelitengeneza kwa kifuniko cha soda.

Mlango sasa ni mpana. Bibi anaingia, Babu, hata akiwa na karai la nguo mkononi.

Nakuomba unisamehe kwa ile sentensi. Sina namna ya kuirudisha. Naahidi nitahesabu tena kila mtu mkubwa akiniambia nihesabu tena. Na hii orodha yetu nitainakili kwa hati safi na kuwapelekea wale watengenezaji, nyumba zote za kurasa kumi na tatu, na namba moja itabaki choo. Nitaandika jina lako juu ya langu.

Kitambaa cha kijani alinipa shangazi. Hapa ninapokuandikia nimesimama mlangoni mwako, kitanda kimetandikwa. Leo ni mimi ninayebaki na wewe ndiye unayeondoka, kwa hiyo nimekiinua. Hakuna ng'ombe kwa laini. Nenda, Babu.

Stesheni masta wako,
Athieno