Nani Atanigeuza

Ibra, Ijumaa, baada ya Alasiri

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana humu ndani hakuna tena wa kuniitikia.

Nimechoka, Mama. Nilidhani uchovu ule ni wa kukuuguza, nao utaondoka ukishaondoka wewe. Haukuondoka. Nassor akasema niende kwake Finland nikapumzike, nikaenda baada ya arubaini yako. Nimerudi hapa Ibra, kwa Waarabu, wiki hii.

Huo mji anaokaa mwanao, Vaasa, uko pwani, lakini bahari yenyewe niliikuta imeganda, watu wanapita juu yake na mbwa wao. Kila njia ina majina mawili kwenye kibao kimoja, la Kifini na la Kiswidi. Ungesema, "Kumbe si sisi peke yetu."

Siku moja Nassor alinichukua kumwangalia mama mkwe wake, Bi Ulla, kwenye nyumba ya wazee. Kwao ni watu wa Kiswidi, ila ameuza vitambaa maisha yake yote kwa wateja wa Kifini, na lugha yao alikuwa akiisema kama wao. Sasa imemtoka yote. Kimebaki Kiswidi cha mamake. Kijana anayemhudumia ni Mfini. Alimuuliza jambo kwa Kiswidi cha kubabaisha, bibi akamcheka mpaka akakohoa, akamrekebisha, kijana akarudia. Kisha akamgeuza upande wa dirishani. Basi.

Nikatoka nje nikalia. Nassor akadhani ni baridi.

Nilikukumbuka kule wodini. Wewe uliyekuwa ukipatana bei ya mbuzi kwa Kiarabu hadi wenye mbuzi wanaapa. Kikakutoka, kikabaki cha sala tu. Muuguzi akikusemesha Kiarabu, unaniambia, "Salma, mwambie apunguze hiyo redio." Tunacheka, naye hajui tunacheka nini. Lakini siku ile niliyokwenda nyumbani kuoga, nilirudi nikakukuta unaita kwa Kiswahili, "Nigeuze, ubavu umekufa," na watu wema wamekuzunguka, huyu ana maji, huyu ana blanketi. Mto ulikuwa umelowa machozi. Tangu hapo sikutoka tena.

Na mimi, Mama, atanigeuza nani? Nikijikwaa, kinachonitoka ni Kiswahili kabla sijafikiri. Najua kitakachobaki. Khalfan mume wangu hajui hata neno. Watoto tuliwafungia nje sisi wenyewe, mimi na wewe. Kiswahili kilikuwa cha kuficha zawadi za Idi na kumteta baba yao hali amekaa papo hapo. "Mtu asengenywe mbele yake, ndiyo haki," ulikuwa ukisema, huku unamwongezea kahawa.

Jana nilimkalisha binti yangu Thuraya jikoni akinikatia vitunguu. Sikuanza na methali. Nilianza na maji, baridi, inauma, nigeuze. Akanung'unika kwa Kiarabu, "Mama, haya yote ni maneno ya wagonjwa. Hakuna la kuagizia piza?" Nikamwambia la piza atalipata mwenyewe.

Leo baada ya chakula nimejilaza kwenye busati. Akaja akasimama juu yangu, anacheka, anangoja. Nikasema, "Nigeuze." Akanisukuma kama gunia la tende, bega likagonga sakafu. Nikamwonyesha ulivyonionyesha wewe: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, halafu vuta kwako, usisukume. Mara ya pili alinigeuza vizuri. Nikabaki nimeelekea ukutani, sikutaka anione uso.

Nakuahidi, Mama, nitamfundisha mpaka aweze kunisengenya mbele yangu. Nimechoka, lakini kwa hilo nguvu ninayo.

Sasa kwaheri. Mungu akurehemu. Nassor, mwanao wa mwisho, hakuwahi mazishi, aliniuliza walivyokulaza. Nikamwambia, ubavu wa kulia, uso kibla. Hapo huhitaji tena kugeuzwa.

Mwanao,
Salma