Gari Uliloniambia Niliinue

Fundi Gaudensi,

Nimekaa mezani kwangu Jumapili hii baada ya chakula cha mchana. Mama Zuhura amekwenda kwa jirani, nyumba imetulia, nikaona nikuandikie. Mwalimu wa fizikia anamwandikia barua mtu aliyezikwa. Wanafunzi wangu wakijua watanicheka hadi muhula uishe. Wacheke. Nina jambo la kukiri kwako, na nina habari za kukupa, na zote nimetaka uzipate kutoka kwangu mwenyewe.

Kwanza la kukiri. Siku ile mkeo, shemeji Skola, alipotuma mtu shuleni kuniita, nilikukuta wodini, homa iko siku ya tano, sauti yako imekuwa nyembamba kama ya mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Tulikuwa hatujasemezana miezi minane. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mlangoni pale yote yakanipotea. Wewe hukunisalimu, wala hukuniuliza nilikuwa wapi siku zote. Uliniuliza, "Mwalimu, umeshaliinua?"

Nikakujibu, "Nimeliinua."

Ukafumba macho. Ukatabasamu kidogo, upande mmoja, kama kawaida yako. Ukasema, "Basi mpeleke mama." Kesho yake asubuhi ulikuwa umetutoka.

Nilikudanganya, Gaude. Gari lilikuwa palepale kibandani nyuma ya nyumba yangu, limefunikwa magunia ya kahawa, tumbo lake kiganja kimoja tu kutoka ardhini, vilevile ulivyoliacha. Kaburini nilisimama nyuma ya watu wote. Padri alikuwa akisema maneno mazuri juu yako, nami nilikuwa nikifikiria kwamba neno la mwisho ulilosikia kutoka kwangu halikuwa kweli.

Wewe unajua tulikotoka, lakini niache niseme, maana nikisema ndipo ninapokuona. Yule Mzungu wa mradi wa maji, niliyekuwa namfundisha Kiswahili barazani kwangu, alileta makasha mawili kwa meli ili ajiundie gari la michezo siku za mapumziko. Mradi ukafungwa kabla hajagusa kasha la pili. Akaniachia yote, akasema kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe kwamba mwalimu hashindwi na kitabu. Nikafungua nikakuta fremu ya mabomba iliyochomelewa, bodi ya faibaglasi ya rangi ya chungwa bivu, injini ndogo, viti viwili, na kitabu cha michoro kinene kama misale ya padri. Nikauliza sokoni nani anaweza kunisaidia. Wakaniambia, kamwone Gaudensi anayetengeneza mashine za kumenyea kahawa.

Ulikuja, ukalizunguka mara tatu, ukainua fremu upande wa mbele kwa mikono yako miwili bila kukunja uso. Ukasema, "Hili si gari, Mwalimu. Hii ni baiskeli imeoa." Tukacheka mpaka Mama Zuhura akatoka jikoni.

Ile ndiyo miaka ambayo ruksa ya biashara ilikuwa inafika huku kwetu kweli, siyo ya redioni tu. Zamani ukitaka beringi uliandika barua na kungoja. Sasa maduka ya Songea yalikuwa yametundika mikanda ya feni kama mikungu ya ndizi. Malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalianza kupanda hadi vijijini. Wewe ulikuwa unarudi na kitu kila safari, mara plagi, mara hozi, mara boksi la nati zisizolingana. Ulikuwa unasema, "Nchi imefunguliwa. Tusije tukabaki sisi tumefungwa." Kila Jumamosi mimi nilisoma kitabu na kutafsiri, wewe ukafunga. Na nati ya mwisho hukukubali kamwe kuifunga kabla ya kula. Ulisema mtu mwenye njaa anakaza zaidi ya inavyotakiwa.

Ulikuwa umemwahidi mama yako kwamba gari likitembea utamshukia kule ziwani nalo, umpakie kiti cha mbele. Nikakukumbusha kwamba gari hili halina kiti cha nyuma. Ukasema, "Ndiyo maana hatakataa cha mbele."

Halafu siku ya kwanza ya kulitembeza. Njia ya Mpepai, ukungu umetanda, sisi wawili tumevaa makoti kama tunakwenda ulaya. Hatukumaliza kilomita nne. Jiwe moja, si kubwa, lilipasua bakuli la oili chini ya injini, tukalisukuma gari kurudi nyumbani huku manyunyu yakitulowesha. Ukasema tuliinue, tuweke springi ndefu na magurudumu makubwa zaidi, tulifungie bamba la chuma tumboni. Mimi nikasema hapana, kitabu kimeeleza urefu wake na sababu yake, likiinuliwa halitakuwa tena gari lile. Ukasema, "Kitabu hicho hakijawahi kufika Mbinga."

Ungeishia hapo, au ningeishia hapo mimi. Lakini nilikuwa nimelowa na nina aibu, watu walikuwa wamesimama barabarani wakituangalia. Nikakwambia, "Kwani wewe ni fundi wa magari? Wewe ni fundi wa sufuria."

Ulianza kweli na sufuria. Ulinisimulia mwenyewe jinsi ulivyokuwa ukiziba sufuria za kina mama ukiwa hujaoa, ukanisimulia kwa sababu uliniamini. Uliweka spana juu ya gunia, ukanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, ukaenda. Miezi minane nikakuona mara nyingi upande wa pili wa soko, na kila mara nilikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Sasa habari.

Arobaini yako ilipopita, Skola alikuja nyumbani. Hakukaa. Akasema, "Shemeji, njoo uchukue vitu vyako, vinanijazia karakana." Nikasema sina kitu kwenye karakana yenu. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayesema hajala sukari. Nikamfuata. Nyuma ya mashine ya kumenyea, ndani ya gunia, nikakuta springi nne, vipande vya kuinulia mhimili wa nyuma, na bamba la chuma lililokunjwa vizuri kingo zake, limetobolewa matundu tayari. Nikamuuliza ulipimaje, gari liko kwangu. Skola akasema, "Muulize mkeo."

Kumbe ulikuwa unakuja nikiwa darasani. Mama Zuhura alikufungulia kibanda, akakupa chai, ukapima, ukaondoka. Mara tatu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu, "Alisema utakuja kuomba mwenyewe. Nikangoja kama yeye." Nilikwenda kibandani nikakaa kwenye kiti cha lile gari, nikalia kwa mara ya kwanza tangu uzikwe.

Tulilifunga mimi na Skola, Jumamosi tano. Usifikiri alikuwa ananishikia taa tu. Anajua spana zako kwa kuzishika, bila kuzitazama, na pale nilipofungua kitabu yeye alikuwa ameshaingiza bolti. Kila tundu lako lilikaa mahali pake. Gari likasimama juu, likawa na sura ya mbuzi aliyesikia jambo.

Lakini nikuambie pia ulipokosea, maana ukinisikia nakusifu tu utajua nina jambo. Tulipolitembeza, usukani ulianza kucheza. Kila likiruka tuta, magurudumu ya mbele yalijigeuza yenyewe, mara kushoto, mara kulia. Skola aliniambia nisimame ashuke, atarudi kwa miguu. Nilichora usiku na mchana, nikajaza ubao wa kidato cha tatu. Ukiliinua gari mbele, vyuma vinavyovuta magurudumu kutoka kwenye usukani vinalala mshazari badala ya kukaa sawa, na hapo springi ikipanda gurudumu linavutwa. Kitabu kilikuwa na neno moja la maana, na lilikuwa hilo. Tukakiteremsha kifaa cha usukani kwa vibao viwili vya chuma kutoka kwenye gari bovu la zamani, vyuma vikalala sawa, usukani ukatulia. Ungekuwepo ungesema ulijua. Nami ningekubali, ili tufunge kazi.

Mwezi wa saba, kahawa ikiwa inachumwa, tukateremka ziwani. Skola alijifunga khanga kichwani, mimi nikavaa kofia yako ya sufu, ameniazima, nitairudisha. Watu walisimama kwenye matuta ya ngolo, yale yanayozunguka mashimo shambani, na makapu yao ya kahawa kututazama tukipita. Gari jepesi kwenye mteremko ni jambo la raha, fundi. Gia ya pili inatosha kulishika, breki hazipati joto. Hakuna jiwe lililotugusa tumboni, na mawe ninayajua sasa moja moja.

Kwenye kona moja kali, lori la kahawa lilikuwa limekwama, limeziba njia. Pembeni ilibaki nafasi ya mtu na ng'ombe wake. Wapakiaji walikuwa wamekaa kivulini wakingoja msaada. Mmoja akaja akalishika gari letu, akalitikisa, akawaita wenzake. Watu sita wakaliinua sisi tukiwa tumeshuka, wakalipitisha pembeni ya lori, wakaliweka upande wa pili. Dereva wa lori akasema, "Nimeendesha miaka ishirini, sijaona gari linalobebwa kama mgonjwa." Skola akamjibu, "Na lako lingebebwa, usingelala hapa."

Mama yako tulimkuta anaanika visamaki vya usipa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kazi, akatutaka tukae, tule kwanza. Tulikula ugali wa muhogo na samaki. Hakuuliza habari ya gari, na lilikuwa pale uani mbele yake na kuku wameshapanda juu. Tulipomaliza kunawa ndipo akasema, "Ndilo hili lililowagombanisha?"

Nikasema, "Ndilo, mama."

"Dogo hivi."

Nikamwambia yote. Nilimwambia neno nililokutusi nalo, na nilichokujibu wodini. Skola alikuwa hajawahi kukisikia. Alikuwa ametoka nje wakati ule kutafuta maji. Nilitegemea atanyanyuka aende zake. Alibaki amekaa, anatazama ziwa. Mama akawa anakwangua magamba kwenye ukucha wake. Kisha akasema, "Limeinuka au halijainuka?"

"Limeinuka."

"Basi ulimwambia mapema. Mwanangu hakuwa na muda wa kungoja."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Sijui kama ni haki yangu kusamehewa kirahisi hivyo. Lakini alisema mama yako, na wewe hukuwahi kumpinga.

Alikataa kukaa kwenye gari siku ile. Alisema hawezi kupanda kitu kama hicho akiwa na nguo za kuanikia samaki. Ila akaniuliza kama linafika Liuli. Ana dada yake kule, mkubwa wake, macho yamefifia, hawajaonana tangu maji yalipobomoa kivuko kidogo na magari yakaacha kupita. Nikamwambia njia hiyo siijui. Akasema, "Hujui, au kitabu hakijasema?" Nikaona sasa ulikotoka.

Skola amefungua tena karakana. Mashine za kumenyea kahawa anatengeneza yeye, na sasa yamekuja magari madogo ya mitumba, wanayanunua wafanyabiashara na maofisa waliohamishiwa huku kama mimi, na yote yanapasukia kwenye mawe yaleyale. Yanaletwa kwake yako chini, yanaondoka yako juu. Ukutani ameandika kwa rangi: TUNAINUA MAGARI. Jumamosi nakwenda kumsaidia hesabu za usukani, na mtu akiniuliza kazi yangu pale nasema mimi ni fundi wa pili.

Mwezi ujao unatimiza mwaka. Kutakuwa na misa. Nitakaa benchi la nyuma na Mama Zuhura, na nyumbani nitakusomea dua kwa namna yetu sisi Waislamu. Yatafika yote mawili, naamini.

Ninakuahidi hili moja. Mvua zikikatika, Skola ataendesha. Namfundisha, ameshaacha kuzima injini kwenye kilima cha kanisa. Atamchukua mama yako mapema asubuhi, atampakia pale mbele waende Liuli, nami nitatangulia kwa baiskeli siku moja kabla nikaangalie kile kivuko. Kama hapapitiki, nitatafuta watu sita.

Pumzika, Gaude. Huku kazi inaendelea.

Mwalimu wako