Sandali za Bibi wa Paka

Dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wewe niliyelala nawe kitanda kimoja miaka yote ile: mimi naogopa bahasha. Nikiona bahasha yenye stempu za ng'ambo naigeuza uso chini. Sababu utaielewa ukifika chini ya barua hii. Naomba tu usiruke mistari. Nakujua, barua ikiwa ndefu wewe hukimbilia mwisho.

Baada ya hayo, nakusalimu kwa upendo mwingi. Je, mikono yako imepona, au ile dawa ya kufulia mashuka ya hospitali bado inakuchubua? Mama anasema upake mafuta kabla ya kuvaa glavu, siyo baada. Yeye mwenyewe hajambo, isipokuwa goti linamsumbua akipanda ngazi za zile ofisi anazofagia. Chumba chetu ni kilekile, na mlango bado haufunguki mpaka usukumwe kwa bega. Upande wako wa kitanda nimepanga vitabu. Mama anawaambia majirani kwamba binti yake mdogo kaolewa na rafu ya vitabu, na mahari haijaonekana.

Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umenifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka siku mratibu wa wafadhili alipokuja nyumbani na pikipiki yake na kamera shingoni. Alisema shirika lao ni dogo mno, linaendeshwa na wazee wachache kutoka meza ya jikoni huko kwao, kwa hiyo linachukua mtoto mmoja tu kila nyumba. Wewe ndiye uliyekuwa umevaa sare, tayari kupigwa picha. Ukanisukuma mbele ya kamera, ukamwambia amchukue huyu, maana huyu anasoma hata maandishi ya mfuko wa saruji. Mwezi uliofuata uliacha shule, ukaenda kufua mashuka huko hospitalini. Sijawahi kukushukuru vizuri. Kila nikijaribu, naona aibu.

Sasa nikueleze kazi niliyopewa hapa shuleni, kwa sababu balaa lote limetokea humo. Tupo watoto kumi na wanne tunaolipiwa na shirika. Barua za wafadhili zikifika, mimi ndiye ninayezisoma na kuzitafsiri, kwa kuwa mwalimu wa lugha yao ana vipindi vingi. Tunakaa kwenye stoo ya vitabu siku ya Ijumaa, mtoto anakuja na mzazi wake, namsomea, halafu naandika tafsiri kwenye karatasi na kuibana kwa pini nyuma ya barua. Wanakwenda nazo zote mbili nyumbani. Ndiyo maana wananiita Kamusi, kuanzia mwalimu mkuu hadi yule mlinzi wa geti anayenidai kila asubuhi nimpe neno jipya la kumtukania jirani yake.

Unajua nilivyo mwoga wa kusema mbele za watu. Lakini ninaposoma maneno ya mtu mwingine, sauti yangu haitetemeki. Niliipenda kazi ile, dada. Niliipenda kupita kiasi.

Miongoni mwa hao kumi na wanne yumo msichana wa darasa la sita tunayemwita Kifutio. Anaandika neno moja, analifuta mara tatu, mpaka karatasi inatoboka. Hana mama. Baba yake ni fundi viatu, anakaa kwenye ngazi za posta na sanduku lake la misumari. Mfadhili wao alikuwa mama mzee ambaye kila barua yake ilikuwa nusu salamu na nusu habari za paka wake, basi wakambatiza Bibi wa Paka. Fundi alikuwa hakosi hata Ijumaa moja ya barua. Alikuwa anafunga kazi, anakuja na aproni yake yenye gundi, anakaa kwenye kiti cha mtoto magoti yakiwa juu, na anacheka kabla sijasoma chochote. Alisema paka yule anakula vizuri kuliko diwani.

Muhula wa kwanza ilikuja bahasha yao. Niliifungua mbele yao kama kawaida. Mwandiko haukuwa wa Bibi wa Paka. Aliyeandika alikuwa mwanawe wa kiume, anasema mama yake amepoteza kumbukumbu, amehamishiwa nyumba ya kutunzia wazee, na ufadhili utakoma mwisho wa muhula wa pili. Ndani ya bahasha kulikuwa pia na fomu ya shirika. Mzazi akiisaini na kuirudisha kabla ya mwisho wa mwezi, mtoto angeingizwa kwenye orodha ya kutafutiwa mfadhili mwingine. Asiyeirudisha angehesabiwa kwamba amejitoa mwenyewe.

Niliyasoma yote hayo kimyakimya, huku fundi akinitazama usoni. Nikawa natafuta neno la kuanzia. Yeye akatangulia, akauliza, "Paka hajambo?"

Nikasema hajambo.

Dada, ni neno moja tu. Lakini likishatoka, yaliyofuata yalijipanga yenyewe. Nikasema Bibi anawasalimu, mkono unamuuma ndiyo maana mwanawe amemwandikia, paka ameanguka kutoka kabatini lakini ameinuka mzima, na Kifutio aendelee hivyohivyo asichoke. Fundi alicheka mpaka akajipiga paja. Ajabu ni kwamba yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe, mbele za watu, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Nikaandika tafsiri ile ya uongo, nikaibana nyuma ya barua ya kweli, nikawapa. Fomu niliichomeka ndani ya kitabu cha jiografia.

Nilijiambia nitamwona mratibu wiki ileile nimweleze, yeye ndiye atajua la kusema. Mratibu alikuja Jumatano. Nilimwona anafunga pikipiki, nikajificha chooni mpaka akaondoka. Mwezi ukaisha. Fomu ikabaki kwenye jiografia.

Kisha fundi akaniletea mfuko. Alikuwa amemshonea Bibi wa Paka sandali za ngozi, laini, kisigino kimeinuliwa kidogo kwa ajili ya miguu ya kizee. Kipimo alikisia kutoka kwenye picha moja aliyowahi kuwatumia akiwa bustanini. Aliniomba nizitume pamoja na barua ya Kifutio, na nimwandikie kwamba zikibana azirudishe bila kuona haya, fundi mwenyewe yupo. Nilizipokea. Zimekaa chini ya kitanda chetu, upande wako, muhula mzima. Mama alizikuta akifagia, akauliza ni za nani, nikamwambia ni za mwalimu. Unaona jinsi nilivyokuwa hodari.

Muhula wa pili haikuja barua. Kifutio aliniuliza, nikamwambia posta za huko zinachelewa.

Jumatatu iliyopita tulifungua shule kwa muhula wa tatu. Mwalimu mkuu alisoma mstarini majina ya wasio na ada, na jina la Kifutio likawa la tatu. Yeye aligeuka kuwatazama wenzake, akacheka, akasema kwa sauti kwamba wamekosea, wamwulize Kamusi. Wote wakanigeukia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Msichana mmoja wa nyuma akamwambia Kifutio kwamba leo amefutwa yeye. Mstari mzima ukacheka. Alitembea mpaka getini na begi lake, akisimama kila hatua chache kunitazama.

Ijumaa baba yake akaja ofisini na barua zote za Bibi wa Paka ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa vizuri. Mwalimu mkuu alikuwa safarini. Nilimsikia kupitia dirishani akimweleza karani kwamba yeye si mtu wa fujo, lakini ushahidi anao, mfadhili wao yupo hai na mkono tu ndio ulimuuma, na kwamba hata paka anajulikana. Akasema, "Msiniite mwongo, mama. Someni wenyewe." Karani alimpokea vizuri. Alipoondoka, akaniita mimi, akanikabidhi mfuko, akaniagiza nizipange kwa tarehe ili mwalimu mkuu azione Jumatatu.

Umeona, dada? Aliyebeba ushahidi wake alibeba barua ileile iliyomfukuzisha mtoto, na hajui. Na aliyekabidhiwa aitunze ni mimi.

Sasa nakuambia lile ambalo ni baya kuliko yote. Ijumaa ileile, ndani ya stoo, nilichomoa ile pini. Niliitoa karatasi yangu ya uongo, nikaitia ndani ya soksi. Pasipo karatasi ile, mwalimu mkuu angesoma barua ya mwanawe Bibi, angeona kwamba shirika lilitoa taarifa mapema, na angesema fundi ama alisikia vibaya ama alipuuza. Nani angemwamini mtu wa ngazi za posta mbele ya Kamusi? Fundi angeonekana mwongo, na mimi ningebaki na nafasi yangu. Nafasi yako.

Hapo ndipo ninapokwama. Nikisema ukweli, shirika haliwezi kuendelea kumlipia mtu aliyeficha fomu yao. Mtihani wangu wa mwisho ni mwakani. Wewe umechubuka mikono miaka minne ili mimi nifike hapo. Nikinyamaza, Kifutio anakaa ngazini na baba yake, naye anaamini mpaka leo kwamba kuna kosa tu mahali fulani. Tangu Ijumaa chakula hakipiti. Mama anadhani ni malaria. Nimetaka kukuuliza nifanye nini, lakini barua hii itakuchukua wiki nzima kukufikia, na kesho ni Jumatatu.

* * *

Niliacha kuandika hapo jana mchana. Sasa ni Jumatatu, saa kumi na moja jioni, na nakumalizia.

Asubuhi nilichukua fomu, mfuko wa barua, karatasi ile ya kwenye soksi na sandali, nikaenda posta kabla ya kengele ya shule. Fundi alikuwa anapanga misumari, Kifutio amekaa kwenye ngazi ya juu yake amevaa sare. Kumbe anaivaa kila siku. Fundi aliponiona alifurahi, akaniuliza kama mwalimu mkuu amesharudi.

Nilimwambia nimekuja kumsomea upya barua moja. Nikamsomea yote, neno kwa neno, mpaka jina la mwanawe Bibi. Sauti ilitetemeka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mara mbili ilinibidi nirudie mstari kwa sababu hakusikia. Nikamweleza habari ya fomu. Nikampa sandali.

Hakunipiga wala hakunitukana. Aliuliza kama Bibi ana mtu wa kumlisha huko alikopelekwa. Nikasema barua haisemi. Akazigeuza sandali, akafuta vumbi kwa kiganja, akaziweka kwenye turubai pamoja na viatu vya kuuza. Kisha akaendelea kupanga misumari, lakini alikuwa anaichanganya, mikubwa na midogo.

Kifutio alishuka ngazi akaninyang'anya barua mkononi. Nilitaka kumsaidia, akaniambia, "Sitaki unisomee. Nionyeshe tu ni mstari upi unaosema basi." Nikamwonyesha. Aliweka kidole hapo muda mrefu. Halafu akauliza ni mstari upi unaosema paka hajambo. Nikamwambia haupo.

Fundi aliisaini fomu juu ya sanduku lake. Tulikwenda shuleni watatu. Karani alinong'ona kwamba tuandike tarehe ya zamani, huenda ikasaidia, fundi akasema hapana, iwe ya leo. Mimi nilibana tena karatasi yangu nyuma ya ile barua, palepale penye matundu ya pini, nikampa mwalimu mkuu mkononi. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akavua miwani. Aliniambia nimpe ufunguo wa stoo. Kuhusu nafasi yangu, alisema mratibu ndiye atakayeamua akija Jumatano, na nisimfiche chochote. Kuhusu Kifutio, alisema orodha ya wanaosubiri ni ndefu, hawezi kuahidi, lakini fomu ataipeleka yeye mwenyewe. Mtoto alirudi ngazini na baba yake.

Dada, nisamehe. Nafasi uliyonipa sijui kama ninayo bado. Mama nitamweleza akitoka kazini, ameshakaribia, nasikia bega lake mlangoni. Paka mafuta kabla ya glavu. Wasalimie wenzako wa kufulia, hasa yule anayeimba. Ukiwa na hasira usinyamaze, niandikie, hata matusi nitayasoma yote bila kuruka.

Leo ni Jumatano, na mratibu alipofika sikujificha. Nimeongeza mistari hii kabla ya kufunga bahasha: nilimsubiri pale anapofunga pikipiki, nikamwambia yote.

Ni mimi mdogo wako,
Kamusi