Santuri ya Marehemu Rehema

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Malmö? Huku Tensta tu wazima, ila mama yako ana kikohozi. Umeniuliza kwa nini bibi wa kwaya anatunza kabatini santuri ya rap kali ya Uingereza, ambayo ma-DJ wenzako bado wanaitafuta.

Ilikuwa ya dada yangu Rehema, aliinunua London. Tulikuwa wasichana, wageni katika nchi hii, na miaka ile sisi weusi tuliogopa hata kupanda treni, kwa sababu ya wabaguzi. Alasiri moja ya baridi, giza limeshaingia mapema kama kawaida ya huku, wanaume wakaanza kuupiga mateke mlango wetu huku wakitutukana. Nikakaa sakafuni. Rehema akaweka santuri ile, akafungulia sauti mpaka mwisho. Sebule nzima ikajaa wanaume wanaofoka.

"Watadhani tuko wengi," akaninong'oneza sikioni.

Mateke yakakoma. Tukasikia viatu vikishuka ngazi.

Kiingereza sikukijua, lakini nilihisi kwamba waimbaji wale nao waliwahi kuogopa kama mimi. Upande wa kwanza ulipoisha, Rehema aliigeuza haraka. Hatukuthubutu kukaa kimya.

Ni mimi bibi yako,
Anna