Nani Amefunga Dirisha Langu?

Doha, 11 Februari 2024

Mama, assalamu aleikum. Mimi ni mzima, na bibi mzee ninayemtunza hapa hajambo. Magoti yako je? Mwanao Molu, mume wangu, anakula vizuri huko?

Mama, nakukumbusha tena lile ua langu la sebuleni. Yale mabaka meupe kwenye majani si ugonjwa, usiyakate! Likae pale pale kwenye dirisha la mashariki. Maji ni mpaka udongo ukauke. Nililianza na jani moja tu, mwaka ule mimi na Molu tulipomaliza kujenga nyumba. Nikirudi nataka nilikute.

Binti yako, Hawo

Isiolo, 3 Machi 2024

Waaleikum salaam, Hawo. Tuko salama, magoti ni yale yale. Ua lako limeshiba kuliko mbuzi wangu. Jana nililipangusa majani kwa kitambaa, mimi mama mzima, majirani wakacheka mpaka basi. Sijakata kitu. Picha hiyo nakutumia.

Mama Molu

Doha, 20 Juni 2024

Mama, salaam aleikum. Idd ilikuwaje? Kwangu ilikuwa kazi tu.

Picha ya juzi imenikasirisha. Majani mapya yote ni kijani kitupu, na shina limerefuka likitafuta mwanga. Ua hili likikaa gizani ndivyo linavyofanya, linaacha weupe ili liishi. Wewe ulipoituma ulisema halijatoka dirishani. Sasa giza limetoka wapi? Nani amefunga dirisha langu? Kata hayo matawi ya kijani mpaka kwenye jani lenye weupe, la sivyo yatameza ua lote. Na mwambie Molu ashike simu.

Binti yako, Hawo

Doha, 14 Julai 2024

Mama, salaam. Uko mzima? Nimeandika, kimya. Nimepiga, kimya. Nina hasira mpaka namwaga uji nikimlisha huyu bibi. Hiyo nyumba ni yangu pia! Kama kuna jambo, nataka nilisikie kwako, si kwa watu wa soko.

Binti yako, kama bado

Kulamawe, 2 Agosti 2024

Waaleikum salaam, Hawo. Mwili ni mzima, lakini hasira imenijaa.

Molu ameoa. Baada ya Ramadhani alileta msichana wa Sericho nyumbani kwako. Akamwekea pazia zito kwenye dirisha lako la mashariki ili wapita njia wasimwone bibi arusi. Fungate ikaisha, pazia likabaki. Nilimwambia Molu, mwambie Hawo kwamba umeoa. Akasema baada ya Idd ya kuchinja. Idd ikapita. Akanikataza nisikuandikie, mimi niliyemzaa!

Juzi huyo msichana akasema ua linaleta mbu, akalitupa nje kwa mbuzi. Nilipowafukuza lilikuwa limebaki jani moja lenye weupe. Nikalibeba pamoja na godoro langu, nikapanda lori mpaka hapa kwa dada yangu. Molu alinifuata hadi stendi akinisihi nirudi. Nilimtukana mbele ya watu wote, na sijutii hata neno moja.

Usimwombe mtu akufungulie mlango, Hawo. Ukirudi, usishuke Isiolo. Njoo moja kwa moja hapa nilipo.

Sasa Molu atakupigia simu, kwa sababu anajua nimekuambia. Usishike. Mimi pia sishiki.

Mama yako