Mama Mdogo Anamwagilia Kaburi Lako

Kasulu, Novemba 2014

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini ulinizoesha vibaya, siwezi kuanza kukusemesha bila kukuamkia.

Habari za huku ni hivi. Bati la jikoni bado linavuja palepale. Cherehani nimeihamishia barazani na wateja wapo, hasa wa sare za shule. Migomba ya nyuma, karibu na ulipolala, inazaa vizuri. Mama mdogo alikuja Machi kukuuguza, akakuzika, na bado yupo. Amehamia chumbani kwako, na usiku analala amejibana ukutani, nafasi yako kaiacha.

Sijalia sana. Watu wameshasema. Kanisani nilimsikia mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba mtoto wa marehemu ana macho makavu. Waache waseme. Mimi nakuandikia habari ya maua yako.

Unakumbuka yalivyokuja. Mwaka ule wa 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa, yule rafiki yako Mrundi uliyekuwa ukimpelekea dagaa kambini alikuachia beseni bovu lenye vitunguu vya maua kabla hajapanda lori la kurudi kwao. Nilicheka. Nikasema wenzio wanaachiwa masufuria, wewe umeachiwa vitunguu visivyolika! Ukanijibu, "Subiri mvua." Mvua ikaja, mashina yakachomoza matupu, bila jani hata moja, na juu yake maua mekundu makubwa kama midomo ya tarumbeta. Majirani walikuja kuangalia, na mimi nikajifanya nilijua.

Juni iliyofuata, baridi ilipoanza na majani kugeuka njano, ulinifundisha kuvihifadhi. Acha kumwagilia. Kata majani, chimbua, anika kivulini, fukia kwenye kikapu chenye majivu makavu, pandisha darini jikoni, mbali kidogo na moshi. Nilikuuliza kama havitakufa. Ukasema, "Viache na kiu yao. Vimelala hivyo." Hukutaka hata mtu anawe mikono karibu navyo.

Basi mwaka huu, Mei, mimi na mama mdogo tulihamishia vitatu kwenye kaburi lako. Vingine vikabaki kwenye mabeseni, na Juni nikavipandisha darini kama ulivyonionyesha. Nilipokwenda na jembe kuchimbua vile vya kaburini, mama mdogo akanizuia. Eti dada yake hanyang'anywi maua yake. Tangu siku hiyo akawa anavimwagilia. Asubuhi na mapema, baridi ile ya kuingia kwenye mifupa, ukungu umelala kwenye migomba, namsikia anaburuta kandambili zake na ndoo ndogo. Anamwaga maji polepole huku anaongea nawe kwa Kiha, kisha anarudi kuota moto.

Unanijua na mdomo wangu huu uliouita wembe. Maneno yalikuwa tayari: mama mdogo, unayaozesha! Asubuhi moja nikamfuata huko huko nimwambie. Nikamkuta ameinama, anasema, "Kunywa, dada. Sasa hakuna wa kukukataza."

Nikasimama. Siku ile wodini uliomba maji, na nesi alikuwa amesema usipewe kitu mpaka upasuaji upite. Mimi nilikuwa nje nakimbizana na dawa. Aliyebaki kando ya kitanda ni yeye, na uliyemwomba ni yeye. Alikulowesha midomo kwa kitambaa, akaishia hapo, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Upasuaji wenyewe hukuufikia. Haya alinieleza mara moja tu, ndani ya gari, tukikurudisha nyumbani, na hajayarudia.

Nilimeza maneno yangu, nikarudi kwenye cherehani. Nilishona sketi moja mara mbili siku hiyo, mshono ulikataa kunyooka.

Septemba akaenda Busunzu kutayarisha shamba lake kabla ya mvua. Alipopanda tu gari, nikafukua. Mama, nilikuta uji. Vyote vitatu laini, vinanuka. Nikavitupa shimo la taka, nikapanda vitatu vya darini, shingo juu ya udongo kama ulivyopenda, halafu nikafagia nyayo zangu. Nilijiona mwizi, ila mwizi wa ajabu, anayeingia kuweka.

Aliporudi mvua zilikuwa zimeshika. Maua mawili yamefunguka, la tatu limefumba. Alisimama pale na mzigo wake kichwani, hata kuutua hakuutua. Akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu uondoke: "Redempta! Njoo uone! Amekunywa!"

Nikasema, "Kweli, mama mdogo. Amekunywa."

Hapo ndipo nilipolia. Jamani, nililia mpaka yeye akatua mzigo akaanza kunibembeleza, eti tunyamaze, maua yenyewe si haya yametoka. Waliosema macho yangu makavu hawakuwepo.

Ulikuwa ukiniambia nisigombane na mdogo wako, hana mwingine. Sasa nakuahidi. Kila Juni nitavilaza vingine darini, na kila Septemba nitamtafutia safari ya Busunzu. Vinazaa vitoto, haviishi. Akiniuliza siri ya maua haya nitamwambia ni maji yake, na mdomo wangu nitaufunga hadi tulale wote huko nyuma ya migomba.

Pumzika, Mama. Mvua inanyesha tangu alfajiri, udongo umeshiba, na bado namsikia anatafuta ndoo yake. Yapokee maji yake.

Mwanao,
Redempta