Kompyuta ya Hafsa Isiwe Korongo

Mtunda,
Wilaya ya Kibiti,
Mkoa wa Pwani.
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Badru,

Assalaam alaikum. Hujambo wewe, na baridi ya Arusha imekuachia hicho kifua? Wifi yangu Ashura anaendeleaje na presha yake? Na Saadi keshaota meno ya mbele? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Goti langu linauma nikiinama kupalilia tu. Nikikaa kusifia watoto haliumi hata kidogo.

Mpunga tumeshauweka ndani. Kiroba kilichokuja na barua hii kwa basi ni mchele wetu, nimeupepeta mwenyewe. Wifi asiuoshe sana, harufu itaondoka.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye simu ulisema Ijumaa ijayo unakwenda dukani kumnunulia Hafsa wangu kompyuta ya tatu, na umemchagulia aina ileile ya Korongo. Nilitaka kusema palepale, lakini mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni kwangu, na wewe ukishaanza kuongea mtu hapati mlango. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Badru, usinunue Korongo.

Najua utacheka. Mie huyu! Mie niliyetembeza sifa za Korongo kutoka Mtunda mpaka Mkongo. Ile ya kwanza ulipomletea alipoingia chuo, nani hapa alikuwa na mtoto mwenye kompyuta? Nikaifumia kitambaa cheupe cha maua, kama tunavyofunika redio. Mgeni akija, hata maji hajanywa, nimeshaitoa ndani nimeishika kwa kifuniko, naitembeza kama sinia ya pilau. Naifungua, naifunga, aone yule ndege aliyechorwa mgongoni. Ilipovunjika bawaba Hafsa hakunilaumu, lakini nilijua. Kosa lile ni langu, nalikubali.

Ya pili sikuigusa, wallahi. Hafsa aliniambia, "Mama, hii utaiangalia kwa macho," nami nimeiangalia kwa macho. Miaka miwili imekaa juu ya meza dukani kwake, pale karibu na stendi ya Kibiti, haibebwi wala haitembezwi. Na bawaba imekatika palepale, upande uleule wa kulia, ikavuta waya wa kioo, kioo kikawa cheusi.

Tena ilichagua siku. Unajua sekondari humpa yeye mitihani yote aichape, kwa sababu hatoi siri hata kwangu mimi mama yake, na nimejaribu. Katika wote niliomaliza nao darasa la saba, nitajie ambaye mwanawe anaaminiwa na walimu ishirini! Basi Agosti mitihani ya Hesabu na ya Baiolojia ikabaki ndani ya kioo cheusi, wanafunzi wakachelewa siku mbili. Mwalimu mkuu ni mpole, hakugomba. Alimwambia tu kwamba mitihani ya kufunga mwaka, Novemba, ikichelewa tena, kazi watapewa wengine. Na bila kazi ya shule, Badru, lile duka ni picha za pasipoti na fotokopi mbili tatu.

Tulikwenda Ikwiriri kwa fundi Dulla. Mie nilifuatana na Hafsa ili niitetee Korongo. Nikamwambia, "Fundi, hii haiharibiki hivihivi, angalia vizuri."

Akavuta boksi chini ya meza. "Mama, humu zimo saba. Zote Korongo, zote bawaba. Umeniletea ya nane, karibu."

"Labda vumbi. Au huu umeme wetu."

"Umeme unavunja bawaba, mama?"

Nikazihesabu mwenyewe, moja moja. Unanijua, siamini la kuambiwa.

Ameiunga, inawaka, lakini haifungiki tena na tumeiegemeza kwa tofali. Jirani yangu Salama akipita anauliza, "Mama Hafsa, korongo wenu leo kasimama au kalala?" Naingia zangu ndani, maana ni mie niliyemwambia kompyuta zisizo Korongo ni makopo matupu.

Njiani tukirudi kutoka kwa fundi nilimwambia Hafsa akueleze. Akakataa. "Mjomba kanisomesha, kanipa mbili. Leo nimwambie kitu chake kibovu? Akileta nitapokea." Na atapokea kweli. Atapiga magoti, atapokea kwa mikono miwili, atakushukuru na kukuombea dua, halafu Novemba itamkuta na bawaba ileile. Adabu hiyo nimemfunza mie na najivunia, lakini safari hii itamponza.

Kwa hiyo nakuomba. Usiniulize kompyuta ipi ni nzuri, shule yangu unaijua. Fundi alitaja zenye bawaba za chuma, na nilimwona Hafsa akiandika majina kwenye kikaratasi, akakikunja, akakificha ndani ya kava la simu. Mtu hafichi asichokitaka. Mpigie kabla ya Ijumaa. Usimwambie nimekuandikia. Muulize anataka ipi, kisha unyamaze, Badru, unyamaze kabisa mpaka ajibu. Atasema, "Yoyote tu, mjomba." Muulize mara ya pili.

Nisalimie sana wifi Ashura, na Saadi mwambie shangazi yake anamkumbuka. Baba mdogo Mwinyimvua anakusalimu, kasikia naandika akasema nisisahau jina lake. Mola akulindie nyumba yako, akuongezee pale mkono wako unapotoa.

Dada yako akupendaye siku zote,

Mwanamina (Mama Hafsa)